Shajara ya Shindano la Kwanza: Siku Tisa za Friraidi Katika Milima ya Valais

Jumamosi, Lausanne hadi Verbier

Treni ya asubuhi kutoka Lausanne hufuata ufuko wa Ziwa Leman mpaka linapoishia, kisha huingia katika bonde la mto Rhône na kupita kati ya kuta mbili za milima hadi Martigny, ambako tulishuka na kupanda treni ndogo ya kwenda Le Châble. Tulikuwa wawili: mimi niliyekulia Moshi, na rafiki yangu wa Bukavu ambaye tulifahamiana Lausanne kwa sababu alinisikia sokoni nikihesabu fedha kwa Kiswahili. Yeye hushuka theluji kwa ubao mmoja mpana, mimi hutumia skii, yaani mbao mbili nyembamba, na kwa miaka sita tumebishana juu ya chombo kilicho bora bila hata mmoja wetu kukubali kushindwa. Safari hii tulikuwa na jambo zito zaidi la kujadili, kwani wote wawili tulikuwa tumejiandikisha katika shindano letu la kwanza la friraidi, la ngazi ya chini kabisa, ambalo lingefanyika mwishoni mwa juma katika bonde jingine la jimbo hilihili la Valais, nasi tulikuwa tumeomba likizo ili tujiandae.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, friraidi ni mashindano ya kushuka uso wa mlima ambao haukutengenezwa na mashine, hauna vijiti vya kuzungukwa wala saa ya kupima kasi. Kila mshindani hupewa sehemu ya kuanzia juu na sehemu ya kumalizia chini, na kila kilichopo katikati, yaani makorongo, magenge, mawe na theluji yenyewe, ni mali yake kuamua. Majaji hukaa chini ng'ambo ya mlima wakiwa na darubini, nao humpa kila mmoja alama kati ya 0 na 100 kwa kutazama mambo matano: ugumu wa njia aliyoichagua, udhibiti, mtiririko, miruko na mtindo wake, na ufundi wa kuteleza. Wanaume na wanawake hushindana mbalimbali, na wa skii hawachanganywi na wa ubao, hivyo ubishi wetu wa miaka sita hautapata hukumu hata huko.

Kujiandikisha si kazi kubwa, ila kunahitaji subira. Mshindani hulipia leseni ya mwaka, kisha huomba nafasi katika mashindano ya kufuzu, ambayo hupangwa kwa nyota kuanzia moja hadi nne, na nyota zikiongezeka pointi nazo huongezeka. Aliyekwisha kuwa na pointi hutangulizwa, na asiye nazo, kama sisi, huwekwa katika orodha ya akiba akisubiri wengine waumie au wabadili nia. Juu kabisa ya ngazi hiyo kuna Freeride World Tour, iliyoanza mwaka 2008 na ambayo mwaka 2022 iliingia chini ya FIS, shirikisho la kimataifa la skii. Mimi nilikaa katika orodha ya akiba wiki tatu, na siku barua ya kukubaliwa ilipofika nilisoma mara mbili kwanza nione kama jina ni langu.

Kutoka Le Châble gari la waya hupanda moja kwa moja hadi Verbier. Mchana tuliendelea juu mpaka Col des Gentianes, si kwa ajili ya kuteleza, bali kwa sababu rafiki yangu alitaka kuuona mlima wa Bec des Rosses, wenye urefu wa mita 3,223, ambao ndipo fainali ya mabingwa hufanyika kila mwisho wa majira ya baridi. Shindano hilo la Verbier lilianza mwaka 1996 likiwa la watu wa ubao peke yao, na watu wa skii hawakukaribishwa mpaka mwaka 2004, jambo ambalo rafiki yangu hulitaja kila anapopata nafasi. Tulisimama pale tukiutazama uso ule wa mawe na theluji, uliojaa makorongo membamba kama mikunjo ya kitambaa, nami sikuweza kuona hata njia moja ambayo mtu mwenye akili timamu angeipita. Hilo lilinisumbua zaidi ya ukali wa mteremko. Kwamba singeweza kushuka pale nilikuwa ninajua. Kwamba singeweza hata kusoma pale sikuwa nimelitarajia.

Jumapili, somo la maporomoko ya theluji

Mwongozaji wa milima tuliyemkodi ni mwanamke wa makamo, mzaliwa wa bonde hili, ambaye husema Kifaransa kwa utaratibu kana kwamba kila neno lina bei. Kabla hatujavaa skii alituuliza taarifa ya jana jioni ilisema nini. Taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos, inayofahamika kwa kifupi kama SLF, hutoa taarifa ya hatari kila siku saa kumi na moja jioni wakati wa baridi, na kuirekebisha saa mbili asubuhi, ikitumia madaraja matano. Siku hiyo ilikuwa daraja la 2 kwa sehemu kubwa, na la 3 juu ya mita 2,400 upande wa kaskazini. Mimi nilisema, kwa ujinga wa mgeni, kwamba 3 ni katikati tu ya 5. Alinijibu kwamba sehemu kubwa ya watu wanaouawa na maporomoko katika milima hii hufa siku za daraja la 3, kwa kuwa daraja la 4 na la 5 huwatisha watu wakabaki nyumbani, lakini la 3 huwaacha watoke wakiwa na matumaini.

Asubuhi nzima tulifanya zoezi moja. Kila anayetoka nje ya pisti, yaani njia zilizosawazishwa na mashine, huvaa mwilini kifaa kidogo cha redio kinachotuma mawimbi ya kilohezi 457, na poromoko likimfunika, wenzake hugeuza vifaa vyao kutoka kutuma kwenda kupokea na kumtafuta. Mwongozaji alikuwa amefukia begi lenye kifaa ndani yake mahali fulani katika uwanja wa theluji, akaanza kutupimia muda. Tulikimbia huku tukitazama mishale na namba zikishuka kutoka 40 hadi 20 hadi 5, kisha tukapiga magoti na kusogeza kifaa juu ya theluji polepole, tukapata namba ndogo kuliko zote, tukaanza kuchoma ufito wa kuchunguzia chini kwa mzunguko unaopanuka, kila tundu likiwa sentimita 25 kutoka kwa jingine. Ufito ukigusa kitu laini hautolewi. Huachwa palepale na watu huanza kuchimba kwa mabeleshi kutokea upande wa chini wa mteremko, si kutokea juu.

Mara ya kwanza tulitumia dakika kumi na tisa. Mwongozaji hakutukemea, alisema tu kwamba aliyefukiwa kabisa ana nafasi nzuri ya kutolewa hai katika dakika 10 hadi 15 za mwanzo, na kwamba baada ya hapo nafasi hiyo hushuka kama jiwe kisimani. Mara ya nne tulitumia dakika saba. Kilichotuchelewesha hakikuwa kutafuta, kilikuwa kuchimba, kwa sababu theluji iliyoporomoka huganda na kuwa ngumu kama saruji iliyokaribia kukauka, na beleshi la plastiki alilokuja nalo rafiki yangu lilipinda mbele ya macho yetu. Jioni hiyohiyo alinunua la chuma.

Tulijifunza pia juu ya begi lenye puto. Ukivuta mshipi, gesi hujaza puto mgongoni, na mwili wako huwa kitu kikubwa kati ya vipande vidogo vinavyotikisika, hivyo huelekea kupanda juu. Rafiki yangu aliuliza jinsi hilo linavyowezekana, nami nilimkumbusha namna makapi na punje kubwa zinavyojitokeza juu ya ungo mtu anapoutikisa. Mwongozaji, alipotafsiriwa mfano huo, alisema hajawahi kuona ungo lakini ameelewa, kisha akaongeza kwamba puto halisaidii lolote ikiwa chini yako kuna genge.

Jumatatu, itinerari na majaji

Nchini Uswisi kuna njia za aina ya tatu, ambazo si pisti wala si pori: huitwa itinerari, huwekwa alama za njano, hulindwa dhidi ya maporomoko, lakini hazisawazishwi na mashine wala hakuna anayezipitia jioni kuhakikisha kwamba hakuna aliyebaki. Ndizo shule bora ya mtu anayeanza. Tulizipita ile ya Vallon d'Arbi na ile ya Tortin mara kwa mara mpaka mapaja yakakataa amri.

Mchana tulikutana na kijana aliyewahi kushindana misimu minne na ambaye sasa hufundisha vijana wa hapa. Nilimwuliza anayeanza hukosea wapi, nikitarajia aniambie juu ya miruko. Alisema anayeanza huchagua njia ya mtu mwingine. Huona picha za mabingwa wakiruka genge la mita kumi, naye hutafuta genge, wakati majaji wa nyota moja wangempa alama nzuri zaidi kama angeshuka njia ya wastani bila kusita hata mara moja. Kusimama ili kutazama huonekana kutoka ng'ambo kama nukta katikati ya sentensi. Kuanguka hupunguza alama sana, na anayepoteza skii njiani hapewi alama yoyote. Mruko wenye kutua kwa mgongo na mkono hugharimu zaidi ya mruko ambao haukufanywa.

Kisha alisema jambo ambalo lilinirudisha kwenye kile nilichokiona Gentianes. Katika mashindano haya hairuhusiwi kuushuka uso wa mlima kabla ya siku yenyewe. Unautazama kutoka chini, kwa darubini, kwa saa moja au mbili, na kesho yake unasimama juu yake ambako huoni chochote ulichokikariri, kwa kuwa mteremko mkali hujipinda na kujificha chini ya miguu yako. Kazi yote, alisema, ni kugeuza picha. Alituonyesha anavyofanya: hupiga picha ya mlima, huchora njia yake kwa kalamu, kisha huipindua picha kichwa chini miguu juu na kuishuka kwa kidole akiwa amefumba jicho moja.

Hili nililielewa kwa namna ya kwangu. Moshi tulikua tukiitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kutoka chini kila asubuhi kabla mawingu hayajapanda, na ungeniuliza nikiwa mtoto wa miaka kumi ungepata maelezo ya kila mkunjo wa barafu. Nilipoipanda nikiwa na miaka ishirini na mbili sikutambua hata sehemu moja.

Jumanne, theluji

Ilianguka usiku kucha na mchana kutwa, ikisukumwa na upepo wa magharibi, na daraja likapanda hadi 4. Magari ya waya ya juu yalisimama. Tulisikia mara mbili milio mizito kutoka mlimani, nayo ilikuwa baruti ambazo watu wa usalama hulipua ili kuangusha theluji kabla haijajiangusha yenyewe.

Mtu akikaa ndani siku nzima huongea mambo ambayo angeyaepuka akiwa nje. Rafiki yangu alimtaja Estelle Balet, mwenyeji wa jimbo hili, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ubao katika Freeride World Tour mwaka 2015 na tena 2016, na ambaye alifariki katika poromoko tarehe 19 Aprili 2016 karibu na Orsières, wakati wa kutengeneza filamu, akiwa na umri wa miaka 21. Orsières ndipo inapoishia tawi jingine la reli ileile tuliyopanda Jumamosi. Huko Sembrancher treni moja huenda Le Châble na nyingine huenda Orsières. Bingwa huyo alikuwa na vifaa vyote na alijua milima hii kuliko sisi tutakavyoijua. Tulizungumza hayo kwa muda mrefu, kisha tukampigia mwongozaji simu na kumwomba siku nyingine moja ya mafunzo, ambayo hatukuwa tumeipangia bajeti.

Niseme pia habari ya skii nilizokodi, maana baadhi ya wasomaji wataanza kwa kukodi. Duka lililonipa lilikuwa limefunga vishikio vyangu vya viatu kwa uzito wa mtu mwingine, mzito kuliko mimi kwa kilo kama ishirini, na nisingegundua kama nisingesoma ile karatasi ndogo jioni hiyo kwa kukosa la kufanya. Kishikio kilichokazwa kupita kiasi hakiachii mguu unapoanguka, na goti ndilo hulipa. Nilirudi dukani, wakarekebisha, wakaomba radhi. Kusoma karatasi ile ni dakika moja.

Jumatano, shimo

Jua lilitoka na kila mtu Verbier alikuwa na haraka isipokuwa mwongozaji wetu. Alitupeleka kwenye mteremko mdogo usiotisha, akatuchimbisha shimo la kina cha mita moja na nusu, akaukata ukuta wake uwe laini, kisha akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. Karibu na juu kidole kilizama. Katikati kilikwama kwenye tabaka gumu, yaani bamba lililotengenezwa na upepo wa jana. Chini ya bamba hilo kikaingia tena kwa urahisi katika tabaka la chembe kavu zisizoshikana, zilizotiririka nje ya ukuta kama sukari. Alitenga nguzo ya theluji kwa msumeno, akaweka beleshi juu yake, akagonga kwa mkono. Kwa pigo la kumi na mbili sehemu yake yote ya juu iliteleza mbele kwa mkupuo mmoja, kama droo inayofunguliwa.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mwongozaji alieleza kwamba poromoko la aina hii huhitaji mambo matatu kukutana: bamba, tabaka dhaifu chini yake, na mteremko wenye nyuzi 30 au zaidi, la nne ni mtu wa kulichochea, na katika ajali nyingi mtu huyo huwa ndiye mhanga mwenyewe au mwenzake. Tulitumia siku iliyobaki kwenye miteremko ya chini ya nyuzi 30, ambayo ilikuwa na theluji ya unga mpaka magotini na haikuwa na mtu mwingine yeyote, kwani wote walikuwa juu wakiigombea ile mikali.

Alhamisi, kuusoma uso

Tulihama asubuhi kwenda bonde la shindano. Mchana saa nane washindani wote, kama themanini hivi, tulikusanywa kwenye bega la mlima mkabala na uso wa shindano, tukaoneshwa geti la kuanzia, mpaka wa kulia, mpaka wa kushoto, sehemu mbili zilizokatazwa na mstari wa kumalizia. Uso wenyewe ulitazama mashariki, ulikuwa na kimo cha mita kama mia tatu kutoka juu hadi chini, na ulikuwa na mgongo wa mawe ulioushuka katikati na kuugawa pande mbili.

Nilikuwa na darubini ya kuazima. Nilitumia nusu saa ya kwanza bila kuchagua lolote, nikizitafuta alama tu, kama nilivyofundishwa: kitu ambacho kitaonekana kutoka juu. Nilipata tatu. Ya kwanza ilikuwa mti mmoja mkavu kando ya mgongo wa mawe. Ya pili ilikuwa jiwe jeusi lenye umbo la nundu ya ng'ombe, katikati ya upande wa kulia, na chini yake kidogo palikuwa na genge fupi la mita mbili lenye kutua kuzuri, ambalo hata mimi ningeliruka. Ya tatu ilikuwa ulimi wa theluji uliopita kati ya miamba miwili hadi kwenye uwanda wa kumalizia. Njia yangu ikawa hivi: pita mti kwa kushoto, elekea kwenye nundu, pita nundu kwa kulia, ruka genge, ingia ulimini. Rafiki yangu aliiangalia akasema, «Dada, njia hii ni ya heshima.» Yeye alichagua upande wa kushoto wa mgongo, ambako theluji ilikuwa nzito zaidi na mawe machache, kwa kuwa ubao hauelewani na mawe.

Jioni kulikuwa na mkutano wa washindani. Tulikaguliwa vifaa kimoja kimoja: kifaa cha redio, beleshi, ufito, kofia ngumu, kinga ya uti wa mgongo. Tulipewa fulana za namba na mpangilio wa kuanza, mimi nikiwa wa kumi na tatu kati ya wanawake kumi na sita wa skii. Namba ya dharura ya jimbo hili, 144, ilisomwa mara tatu kwa sauti. Daktari wa shindano alijitambulisha, akasema anatumaini hatazungumza nasi tena.

Nilipolala nilikuwa nimeipindua picha na kuishuka kwa kidole zaidi ya mara hamsini.

Ijumaa

Ukungu. Mashindano haya huwekewa siku za akiba kwa ajili hiyo, kwani jaji asipoona hakuna cha kuhukumu. Tulicheza karata, tukapaka skii nta, tukalala mapema.

Jumamosi, geti

Saa moja na nusu asubuhi anga lilikuwa jeupe bila doa na jua lilikuwa linaugonga uso moja kwa moja. Watu wa usalama walikuwa wamekwisha kuupita na kuupima, na watangulizi wawili, ambao hushuka bila kuhukumiwa ili kuonyesha hali ya theluji, walishuka salama. Kutoka kituo cha mwisho cha viti vya waya tulipanda kwa miguu dakika arobaini, skii zikiwa zimefungwa mgongoni, tukiwa tumesimamishwa mbalimbali mmoja mmoja ili tusiuelemee mgongo wa mlima.

Hofu niliyoitarajia haikuja wakati wa kupanda. Ilikuja nilipofika kwenye geti na kutazama chini, na sababu haikuwa kimo. Nilichokiona kilikuwa mita ishirini za theluji safi, kisha mwisho wa theluji, kisha bonde na paa za nyumba. Kijana yule wa Verbier alikuwa ameniambia itakuwa hivyo, na kuambiwa hakukusaidia. Aliyenitangulia alizama katika mwisho ule na kupotea. Nilisikia sauti ya watu chini ikipanda, kisha makofi.

Mwanzishaji aliuliza kwa redio kama majaji wako tayari. Akaniangalia, akahesabu tatu, mbili, moja.

Mizunguko minne ya kwanza ilikuwa mizuri. Theluji ilikuwa kavu, ilishika, na skii zilizunguka zenyewe. Mti mkavu niliuona palepale nilipoutarajia nikaupita kwa kushoto. Nikaelekea kulia na kuanza kutafuta nundu. Hapakuwa na nundu. Palikuwa na uwanda mweupe uliojaa jua, na chini zaidi, kushoto, palikuwa na jiwe jeusi. Nilijiambia kwamba nimekosea umbali tu, kwamba jiwe ni lile, nikageuka kulifuata, nikalipita kwa kulia kama nilivyojizoeza mara hamsini, na nikajikuta juu ya genge ambalo halikuwa la mita mbili.

Nilisimama. Nilisikia, au nilidhani nimesikia, watu chini wakishusha pumzi. Ncha za skii zilikuwa zimepita ukingo kwa kiasi cha shibiri, na chini yangu kulikuwa na mita nane au tisa za mwamba. Nililala upande wa mlima, nikarudi nyuma kwa hatua za ubavu kama kaa, nikavuka kwenda kulia mita kama thelathini, nikauona ulimi wa theluji, nikauingia kutokea juu yake na kumaliza bila kuanguka na bila kuruka chochote.

Alama zangu zilikuwa 31. Nilikuwa wa kumi na nne kati ya kumi na sita, na wawili walio nyuma yangu walikuwa wameanguka. Maelezo ya jaji mkuu, ambaye baada ya matokeo alikubali kuzungumza na kila aliyetaka, yalikuwa mafupi: mwanzo mzuri, kusimama kwa muda mrefu, njia iliyopotea. Aliniuliza nilikuwa nikielekea wapi. Nilimwonyesha kwenye picha. Aliitazama kwa makini akasema jiwe hilo halikumbuki.

Rafiki yangu alishuka upande wake wa kushoto kwa mizunguko mipana isiyokatika, akaruka kijiwe kimoja kidogo karibu na mwisho, akapata 58 na nafasi ya tano. Tangu hapo hajazungumzia mambo ya 1996 hata kidogo, nami naona huko ndiko kujisifu kukubwa zaidi.

Jumapili, ng'ambo

Treni yetu ilikuwa ya jioni. Baada ya kurudisha skii nilimwomba rafiki yangu tupande tena hadi kwenye lile bega tulilosimama Alhamisi, nikiwa na darubini na picha. Tulifika saa tano. Jua lilikuwa bado limeukabili uso, na alama za skii za watu themanini zilionekana wazi, zangu nami nikazitambua kwa pale zilipokatika. Niliutafuta mti, nikashuka kwa darubini kuelekea kulia mpaka mahali ambapo picha ilionyesha nundu. Palikuwa peupe.

«Huenda lilifunikwa na theluji usiku,» alisema. Lakini theluji haikuanguka tangu Jumanne.

Tulikaa. Tulikula mkate na jibini, tukanywa chai ya tangawizi niliyoibeba kwenye chupa, na jua likaendelea kuzunguka kusini na kuanza kuinama nyuma ya ukingo wa mlima. Kama saa saba na nusu, rafiki yangu alinigusa bega bila kusema. Katikati ya upande wa kulia, juu kidogo ya genge langu la mita mbili, palikuwa na ncha ya jiwe lisilozidi sufuria, imechomoza chini ya mwinuko wa theluji, na kutoka kwenye mwinuko huo kivuli kilikuwa kimeanza kurefuka. Kilipanuka polepole, kikajaza mkunjo wa chini yake, na ilipofika saa nane, saa ileile tuliyosimama hapa Alhamisi, kilikuwa kimekamilika: jiwe jeusi lenye umbo la nundu ya ng'ombe.

Nilitoa kalamu na kuandika nyuma ya picha saa iliyopigwa.